Kibao cha Mjomba Kilinitoa Jasho

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina stori ya kibao. Ndiyo, kibao cha duka, kile cha "Karibuni Wateja". Usicheke, maana kimenikosesha usingizi kuliko msichana yeyote niliyewahi kumfukuzia.

Mimi ni mtoto wa Masasi, mji ule wa mawe makubwa yaliyojiinamia kama wazee kwenye kikao. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja, naomba tuyaache hapo hapo. Badala ya kukaa kijiweni kupiga soga, nikajishikiza kwa fundi mmoja wa kuandika mabango karibu na stendi. Alinifundisha kunyoosha mstari kwa uzi na chaki, kupima herufi kabla ya kuandika, na kuchanganya rangi ya mafuta isitiririke. Herufi ngumu kuliko zote ni S. Ukiipatia, wewe ni fundi. Ukiikosea, duka zima linaonekana limelewa.

Sasa, mjomba wangu ana duka Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako asubuhi upepo unakutafutisha sweta. Kwetu Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kumpungia mkono ukapita zako. Na huyu ndiye aliyenilipia ada kwa pesa za korosho. Si mnajua pesa za korosho zilivyo! Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, unapeleka mzigo chama cha msingi, unasubiri mnada, halafu unasubiri tena malipo. Mjomba alisubiri, na mimi shule sikurudishwa nyumbani hata siku moja.

Nikajiapiza kwamba nikishajua kazi, shukrani yangu ya kwanza kwake itakuwa kibao.

Basi nikapanda Newala na brashi zangu kwenye mfuko wa rambo. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa wangu. Umekuja na njaa au umekuja na kazi?" Nikamwambia nimekuja na vyote viwili. Yeye akatoa pesa ya bati, mbao na rangi, mimi nikatoa ufundi. Siku tatu nikawa juu ya bati nimeinama mpaka mgongo unalia. DUKA LA SUBIRA. Herufi nyekundu, ardhi ya manjano, kivuli cheusi pembeni. Ile S ya Subira, jamani, ilikaa kama imezaliwa pale!

Kibao kikatoka kikubwa kuliko hata upana wa mlango. Tukakisimamisha kwa nguzo mbili kando ya barabara ili hata abiria wa basi asome. Mjomba akavuka, akasimama ng'ambo, akasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: "Du-ka la Su-bi-ra." Akarudi anafuta macho, eti vumbi.

Kuuliza ruhusa? Hatukumuuliza mtu. Nani anaombewa ruhusa ya kibao?

Haikupita muda mrefu, wapimaji wakaja na futi zao. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho shuleni hawakunifundisha. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukianzia katikati ya barabara. Nyumba iliyokuwepo kihalali kabla ya nyongeza hiyo huchorwa X ya kijani, maana yake mwenyewe ana fidia. X nyekundu maana yake jitoe mwenyewe. Duka la mjomba lilikuwa salama kabisa. Kibao changu kikala X nyekundu, tena katikati ya ile S!

Mjomba akanipigia simu. "Mpwa wangu, herufi zako zimevunja sheria." Hakufoka. Bora angefoka. Nikasikia baadaye kwamba wiki nzima hakukigusa, na wateja wakimuuliza anajibu, "Mwenye kazi yake atakuja kukitoa." Mwenye kazi yake nilikuwa nimeuchuna Masasi, nazuga nina oda nyingi. Pesa za korosho zimesimama juu ya nguzo mbili zinangoja kung'olewa, na mimi naona aibu kupanda basi.

Bahati au balaa, binamu yangu aliyeko Unguja akaniita. Rafiki yake anafungua duka la juisi Mji Mkongwe, anataka bango la nguvu. Nikaona hilo ndilo zali, nitapata ngawira na nitakuwa mbali na Newala. Nikala kona mpaka Dar, nikavuka na boti.

Nilifika pale dukani nikachagua ukuta mzima wa mbele. Nikafungua kopo la rangi. Kizee mmoja aliyekuwa kakaa barazani na kikombe chake cha kahawa akaniita.

"Kijana, kibali unacho?"

"Shikamoo babu. Kibali cha nini? Ni bango tu."

"Marahaba. Ukiupaka ukuta huo rangi ya mafuta, hautopumua."

Nikadhani ananitania. Kumbe mzee anajua anachosema. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta au saruji, maji yanabaki ndani, plasta inavimba halafu inabanduka vipande vipande. Ukipigilia misumari ya chuma, hewa ya chumvi inaishika kutu, kutu inavimba, jiwe linapasuka. Na vichochoro vyenyewe ni vyembamba, bango likichomoza linawasumbua wenye mikokoteni na kuficha milango ya nakshi ambayo wageni wamepanda ndege kuja kuitazama.

Ndiyo maana kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 mji huo umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Unataka kugusa sura ya nyumba, unaanza na kibali. Na msidhani ukuta wa zamani ni mchezo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka na watu 2 wakafa. Haikuangushwa na bango, lakini tangu siku hiyo nani tena anaweza kusema "ukuta tu"?

Nikafunga kopo langu taratibu. Mwenye duka akaenda kuomba ruhusa, na mwishowe nikamwandikia kibao kidogo cha mbao. Ngawira ikapungua, sawa, lakini nililala usingizi.

Jioni ile binamu akanipitisha Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Nikasimama pale nikakumbuka nyumbani. Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya UMCA alitoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, na wakaweka makazi Masasi. Yaani Masasi yetu na mji huu ni ndugu! Mmoja anaulizwa "ukuta utaumia?" kabla ya brashi kugusa. Mwingine, kwa niliyoyaona mimi, unakutana na futi baada ya rangi kukauka.

Hata Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye yanangoja yatangazwe rasmi. Hesabu mwenyewe, misheni ya Masasi imechelewa kwa miaka 13. Wakati wa kungoja huko, ukishuka stendi macho yanakutana na mabango kwanza, mawe yetu baadaye. Na baadhi ya hayo mabango niliandika mimi, siwezi kujitia mtakatifu.

Sisemi Masasi na Newala tugeuzwe Mji Mkongwe. Mama muuza vitumbua asidaiwe kibali cha kuandika "Vitumbua Vipo" kwenye ubao wake. Ila sheria ikisemwa mapema inamwokoa mtu, ikisemwa baadaye inamtia hasara. Wakubwa, iandikeni hiyo sheria kwa Kiswahili chepesi, itundikeni kwenye ofisi ya mtaa: bango likae umbali gani, liwe na ukubwa gani, aulizwe nani. Sheria ya mabango nayo iwe na bango lake! Kuliandika nitaliandika bure, na S zote zitanyooka.

Na wewe kijana mwenzangu unayefungua saluni au kibanda cha simu, usianze na fundi. Anza na swali.

Nilirudi Newala. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Umekuja na njaa au na kazi?" Nikasema nimekuja na kazi tu, na rangi safari hii nimenunua mwenyewe. Tukang'oa nguzo pamoja bila maneno mengi. Nikaandika upya juu ya mlango, chini ya bati, herufi zenye urefu wa kiganja. Mjomba akavuka barabara, akakunja macho.

"Kutoka huku hakisomeki," akasema.

"Ndiyo mjomba."

"Haidhuru. Wanaonidai na ninaowadai wote wanalijua duka."

Bati la zamani limekuwa paa la banda la kuku. Kuku wa Newala sasa wanalala chini ya Subira, X yake na yote. Nilipoaga nikamuuliza kama deni la kibao limeisha. Akacheka. "La kibao limeisha mpwa wangu. Bado la ada."

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.