Leseni ya Kijana Wako Ina Daraja Gani?

Kijana wa miaka 24 alipoleta leseni nyumbani kwao Gerezani, mama yake, muuza nyanya wa Kariakoo, alipika pilau. Miaka minne mtoto alikuwa utingo wa Fuso linaloleta nyanya kutoka Ilula, Iringa. Sasa tajiri amemwahidi usukani.

Mjomba ndiye aliyetia mchanga pilau. Aliigeuza ile kadi, akasema, "Baba, hii ni daraja D. Fuso la mzigo linataka E."

"Mjomba, gari si gari tu?"

Wazazi wengi mjini nao hudhani hivyo. D ni ya magari ya kawaida. Malori ni E, abiria ni C, na trekta na mitambo mingine ya shambani ina daraja lake, G. Anayeteremka Kitonga na tani za nyanya mgongoni kwa D anaendesha bila leseni, hata kama kadi iko mfukoni.

Mama alikuwa na lake, zito zaidi. Kijana akirudi safari hali, halali, anaongea mpaka alfajiri. Akifua shati lake alikuta vijiti vya mirungi na bigijii.

"Ni ya kufukuza usingizi tu, mama. Wote wanatafuna."

Kenya mirungi ni biashara halali. Hapa kwetu ni dawa ya kulevya kisheria, kama bangi. Ila kile kipimo cha kupuliza cha trafiki husoma pombe tu. Mirungi hutaka mkojo au damu, na maabara. Dereva aliyetafuna anaweza kupuliza, akaruhusiwa, kisha akifika Chalinze majani yamemwisha nguvu na usingizi wa siku mbili unamjia kwa mkupuo. Trafiki humwona dakika mbili. Anayemfulia humwona wiki nzima, na kusema kweli, wengi wanaona na kunyamaza kwa sababu kijana analeta hela.

Mama huyu hakufoka. Aliuliza, "Mwanangu, umelala lini mara ya mwisho?"

Akafikiri. "Jumapili." Ilikuwa Jumatano.

Mjomba ameahidi kuchangia kozi ya magari makubwa VETA. Mama ameandika ukutani 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya; kijana hajaipiga bado. Tajiri amepiga mara mbili. Mzigo uko Ilula, unasubiri dereva.