Pweza Alipopata Bei

Nilipokuwa mdogo, msasi niliyemjua vizuri kuliko wote alikuwa bibi yangu wa Kizimkazi Mkunguni. Wanaume wa kusini mwa Unguja waliingia vichaka vya Muyuni na Mtende na mbwa na nyavu, wakitafuta paa au kuwaua nguruwe waliomaliza mihogo, na waliporudi kijiji kizima kilisikia habari zao. Bibi alirudi kutoka mwambani na pweza ndani ya pakacha, akawasha moto, akapika. Hakuna aliyemsimulia. Mimi nilikulia Mji Mkongwe na kupelekwa kwake kila shule zilipofungwa, kwa hiyo usasi ule niliufuata kwa miguu yangu, na nimeishi kuuona ukibadilika.

Ulikwenda kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa takriban mita nne, na kupwa huangukia mnamo saa nne asubuhi. Wanawake walishuka kwa makundi, mama na mabinti, kanga zimekazwa viunoni, kila mmoja na vijiti vyake. Maji mafu yakiingia, mwamba ulipumzika na wao wakarudi kondeni.

“Usitafute pweza, mjukuu wangu,” aliniambia bibi. “Tafuta mlango wake.” Mlango hujulikana kwa maganda ya kaa na chaza yaliyotupwa nje baada ya kuliwa, na vijiwe vilivyovutwa kuziba tundu. Bibi aliingiza kijiti polepole, akakichezesha mpaka pweza akakishika, kisha akamtoa kwa kijiti cha pili. Hapohapo alimgeuza kichwa, ndani kikawa nje, na pweza akafa upesi. Alitoa matumbo na kifuko cha wino, akamsuuza kwenye dimbwi la maji ya chumvi, akampiga juu ya jiwe mpaka minyiri ikalegea. Pweza aliyefika nyumbani alikuwa tayari kwa chungu. Jambo moja lilimkasirisha: mtu kuvunja matumbawe ili amfikie pweza. “Ukilivunja pango, bamvua lijalo utamkuta wapi?” Ni kweli, kwa kuwa pango zuri likiachwa wazi huingiwa na pweza mwingine.

Kisha pweza akapata bei. Hoteli zilisimama kwenye fukwe za mashariki na kaskazini, meza za Forodhani, mjini, zikajaa minyiri ya kuchoma, na huko bara vikawepo viwanda vya kumgandisha na kumpeleka Ulaya. Kitoweo cha wanawake kikawa bidhaa, na wanaume wakaja na miwani ya kuzamia, mapezi na mikuki, wakashuka kwenye ukingo wa mwamba usiokauka hata siku za bamvua. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Lakini mwanamke wa miguu, ambaye hakufundishwa kuogelea, alibakiwa na kile kilichosalia kwenye maji ya kifundoni.

Miaka hiyohiyo, kuanzia 1989, kilimo cha mwani kilishika Paje na Jambiani, kisha kikaenea vijijini. Kilikuwa na baraka yake: kwa wanawake wengi ndiyo fedha ya kwanza waliyoishika wenyewe. Ila binti aliyekua akifunga mwani kambani hakujifunza kuusoma mlango wa pweza. Baadaye bei ya mwani ikashuka, na ile aina yenye thamani zaidi, kotonii, ikawa inakufa kwa joto la maji ya kina kifupi. Baadhi ya wanawake walirudi mwambani wakakuta pweza wadogo tu.

Pweza wetu haishi sana kupita mwaka mmoja na nusu. Jike hutaga mara moja maishani, hulinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchukua angali mchanga, umechukua na kizazi chake. Ukimwacha miezi mitatu tu, anakua haraka kiasi cha kuongezeka uzito mara kadhaa. Wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, walilijaribu hilo mwaka 2004 kwa kufunga sehemu ya mwamba wao kwa muda. Wazo likafika Kisiwa Panza kule Pemba, na kwetu Kizimkazi, ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyotangazwa mwaka 1997.

Nilifurahi, kisha nikaona uzito wake unamwangukia nani. Mwamba ukifungwa, mwenye chombo huenda mwamba mwingine. Mwenye miguu yake hana pa kwenda. Na siku ya kufungua, wazamiaji hufika na vyombo kutoka vijiji vingine kabla maji hayajapwa vya kutosha kwa mtu wa kutembea. Ndiyo maana kikao ninachokikumbuka zaidi ni kile ambapo mama mmoja alisimama mbele ya kamati ya kufunga mwamba na kutaja, pango kwa pango, wapi majike hujificha na mayai, na wapi panafaa kufungwa. Wanaume waliokuwa wakipiga mstari kwenye ramani walinyamaza, na mstari ukahamishwa. Maarifa yale yale yaliyokuwa yakiishia jikoni kwa bibi, safari hii yaliamua jambo la kijiji.

Leo wapo wasichana wa Unguja wanaojifunza kuogelea wakiwa na mavazi yao ya stara, na binti wa mdogo wangu wa kike ni mmoja wao. “Ma’mkubwa, chini kule milango ni mingi kuliko juu,” aliniambia alipovaa miwani mara ya kwanza. Namfundisha kumgeuza pweza kichwa, kumsafisha na kumpiga. Namfundisha pia kumwacha mdogo.

Ninachotaka ni hiki: mwanamke anayeujua mwamba awe na kiti katika kila kamati inayoufunga, na siku ya kuufungua, bamvua la kwanza la maji mafupi liachiwe wanaotembea. Wao ndio waliotunza mapango haya pweza alipokuwa hana bei. Wana haki ya kula matunda ya kazi hiyo kwa kuwa sasa anayo.