Pua ya mjamzito yafichua siri ya gari kuukuu mtaani Kirinyaga

ANAYEINGIA Barabara ya Kirinyaga kutokea mzunguko wa Globe, jijini Nairobi, huijua kwa pua kabla ya macho. Kuna oili iliyochakaa, rangi mbichi, chuma kinachochomelewa na, chini ya hayo yote, petroli. Maduka ya vipuri yamepangana bega kwa bega, na bondeni kuelekea Mto Nairobi mafundi wa jua kali hulaza magari chini ya mabati na turubai. Wazee bado huuita mtaa huu Grogan, jina la mlowezi Ewart Grogan ambalo barabara hiyo ilibeba enzi za ukoloni.

Hapa, kumwambia fundi kuwa gari lako linanuka petroli ni kama kumwambia mvuvi kuwa mashua yake inanuka samaki. Wanandoa kutoka Ruaka walikuwa tayari wamechekwa na mafundi wawili kabla ya kufika kwa wa tatu. Gari lao ni Datsun 240Z ya mwaka wa 1972, ambayo mume alirithi kutoka kwa babake. Mke, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na mimba ya miezi sita.

Kwa majuma kadhaa alikuwa akilalamika kuwa ndani ya gari kuna harufu ya petroli inayompa kichefuchefu na kumuumiza kichwa. Tatizo ni kwamba haikuwepo kila siku. Mumewe hakuinusa kabisa. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akatazama kabureta mbili, akasema ziko sawa. Wa pili alitabasamu na kumwambia mume kwamba mimba ndiyo inayonusa, si pua.

Nchini Kenya gari hilo lina historia yake. Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta usukani. Ni gari la viti viwili, injini ya silinda sita ya lita 2.4, pua ndefu na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Hakuna ukuta kati ya viti na sehemu ya mizigo, kwa hivyo hewa ya nyuma ndiyo hewa anayovuta aliyeketi mbele. Na mpira wowote uliobaki tangu lilipotoka kiwandani sasa una zaidi ya miaka hamsini.

Fundi wa tatu, mzee aliyepita miaka sitini, hakuenda kwenye boneti. Alimgeukia mke.

“Mama, hiyo harufu huja lini?”

Mke akatoa daftari la shule mkobani. Alikuwa ameandika kila safari: siku, saa, walikokwenda, na kama alinusa kitu. Kwenda kazini asubuhi, hakuna. Ijumaa jioni, baada ya kujaza tangi, ipo. Jumapili kwenda kwa mamake Limuru, ipo, hasa kwenye kona. Jumatano, tangi likiwa nusu, hakuna. Halafu kulikuwa na mistari mitatu tofauti: vioo vikiwa wazi barabara kuu, harufu kama ya moshi, si kama ya petroli mbichi.

“Hizi ni harufu mbili,” mzee akasema. “Ndiyo maana imewashinda.”

Harufu inayokuja na kwenda, alieleza, huwa inasema yenyewe inakotoka, mradi mtu aandike saa zake. Ikiwepo asubuhi kabla ya kuwasha injini, tafuta tone: pampu, kichujio au maungio ya paipu. Ikija dakika chache baada ya kuzima injini yenye moto, tazama kabureta, kwa maana joto la injini huchemsha petroli iliyobaki humo. Ikija baada ya kujaza tangi na kwenye kona, rudi nyuma, kwenye mdomo wa kujazia na paipu za kupumulia tangi. Ikija vioo vikiwa wazi gari likienda kasi, basi moshi wa eksozi unavutwa ndani kupitia mlango wa nyuma.

Ilibaki kuhakikisha, na mzee alikuwa na shida ya kikazi. Baada ya miaka arobaini Kirinyaga, alisema, pua yake haimsaidii tena kwa petroli. Mume naye aliizoea harufu ya gari hilo tangu utotoni. Mke hakuruhusiwa kupanda. Ndipo alipoombwa mdogo wake, mwanafunzi aliyekuwa amefika mjini siku mbili tu kutoka Kitui. Wanandoa wakabaki kwenye kibanda cha chai mbali na magari, nao wawili wakaondoka.

Walijaza tangi hadi juu, wakashika Waiyaki Way, wakapita Kikuyu na kupanda hadi Limuru. Njia hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya mandhari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Limuru inapita mita 2,000. Kadiri unavyopanda ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua na petroli kugeuka mvuke kwa urahisi. Aidha, petroli hutoka baridi kwenye matangi ya chini ya ardhi ya kituo cha mafuta. Ikipata joto ndani ya gari hutanuka na kutafuta nafasi. Hadi Limuru, kijana hakunusa kitu.

Baada ya hapo waliteremka kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile inayoning’inia ukingoni mwa Bonde la Ufa. Upande mmoja kuna mwamba, upande wa pili bonde lote limelala wazi hadi Mlima Longonot. Chini kabisa kuna kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Malori hushuka taratibu na kona zinafuatana. Kwenye kona ya tatu kijana akashika pua. Kwenye ya tano akaomba kioo kishushwe.

Mzee aliegesha karibu na wauza ngozi za kondoo, lakini mbali na jiko la makaa la mchoma mahindi, akazima injini na kufungua mlango wa nyuma. Kwa bisibisi na tochi aliondoa kipande cha plastiki kinachofunika ubavu wa ndani, upande ule ule wa mdomo wa kujazia mafuta. Nyuma yake kulikuwa na kitangi kidogo cha kupokea mvuke, na paipu za mpira zinazokiunganisha na tangi kubwa. Kwa macho zilionekana nzima. Alipoikunja moja, ikafunguka mpasuko wa urefu wa ukucha, ndani kukiwa na unyevu.

Tangi likiwa nusu, petroli haikufika huko. Likijaa, mvuke ulipita hapo, na kwenye kona petroli yenyewe ilirushwa hadi kwenye ufa. Mafundi wawili wa kwanza walitafuta mbele, gari likiwa limesimama, tangi likiwa halijajaa. Isingewezekana waione.

Waliporejea Kirinyaga, mzee alikataa kubadilisha paipu moja tu. Zote ni za umri mmoja, alisema. Leo imepasuka hii, mwezi ujao itapasuka ile. Alikataa pia paipu ya plastiki ya bei nafuu ambayo duka la kwanza lilimpa, maana hiyo huwa ngumu na kuvunjika ikikutana na petroli. Aliitafuta yenye maandishi SAE J30 ubavuni, ambayo ni alama ya mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta, pamoja na klipu mpya.

Harufu ya pili ilipimwa kwa kipande cha gazeti. Ukikifungia kwenye mlango wa nyuma kisha ukakivuta, kinapaswa kukwama. Pembeni kilikwama, chini kilitoka bila kushikwa. Mpira wa kuzibia mlango ulikuwa umelala bapa, na gari linapokwenda kasi vioo vikiwa wazi hewa ya nyuma hugeuka na kuingia ndani pamoja na moshi wa eksozi.

Kati ya harufu hizo mbili, hii ya moshi ndiyo iliyokuwa hatari zaidi kwa mjamzito. Moshi wa eksozi hubeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Harufu ya moshi ni mwenzake tu anayepiga hodi. Gesi hiyo hushika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Hupita pia hadi kwa mtoto tumboni, na damu ya mtoto hukaa nayo kwa muda mrefu kuliko ya mama. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ambavyo mwanamke mjamzito huambiwa ni hali ya kawaida, ndizo dalili zake za mwanzo.

Mvuke wa petroli nao si wa kupuuzwa. Huwasha macho na koo na kuleta kizunguzungu. Ndani yake mna benzeni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya damu. Safari moja yenye harufu si sababu ya hofu. Hatari hukua kwa kuivuta siku nenda siku rudi. Kwa hivyo walio hatarini zaidi si wenye magari bali mafundi wenyewe, wanaoosha vyuma na mikono kwa petroli kwenye mitungi iliyokatwa. Petroli huondoa mafuta ya ngozi, ngozi hupasuka, na sumu hupata njia. Sabuni na maji hufanya kazi hiyo bila madhara hayo.

Kuna pia tabia ya kunyonya petroli kwa mdomo ili kuhamisha mafuta kutoka tangini. Tone dogo likiingia mapafuni linaweza kuleta nimonia kali. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwa kuwa akitapika petroli hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitalini mara moja.

Na kuna moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia chini na kutambaa hadi ukutane na cheche. Wakazi wa Nairobi hawajasahau Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalipolipuka katika kitongoji cha Sinai na kuua watu wapatao 100.

Pua iliyokaa na harufu moja huizoea kwa dakika chache na kuacha kuitangaza. Mume wa Ruaka hakudanganya aliposema hanusi chochote. Alikuwa tu shahidi asiyefaa. Wanawake wengi wajawazito husema harufu huwakera kuliko kawaida, na hilo lilichukuliwa kuwa sababu ya kutomsikiliza mkewe. Lingekuwa sababu ya kumsikiliza kwanza.

Familia yenye gari la zamani ikinusa petroli ianze na daftari: kiasi cha mafuta tangini, jua au baridi, mwendo au kusimama, vioo wazi au vimefungwa. Imwombe mgeni asiyelizoea gari alinuse. Wajawazito na watoto wasipande hadi tatizo lipatikane. Gari lisiegeshwe ndani ya gereji ya nyumba wala karibu na jiko, na mtungi wa kuzimia moto uwekwe mahali unapofikika. Ukiona tone, au harufu ikiwa haiondoki kamwe, usiwashe injini. Mwite fundi aje ulipo.

Wanandoa hao bado wanaliendesha gari lao, na daftari bado liko kando ya gia. Tangu paipu na mpira wa mlango vibadilishwe, mke ameandika mstari mmoja tu: Jumapili, msongamano wa Waiyaki Way, harufu ya moshi. Pembeni akaongeza kwa wino mwekundu wa mwalimu: ni ya lori lililokuwa mbele.