Neno Chini ya Kishale

Wasomaji wa jarida hili wamezoea makala yenye nadharia mwanzoni, data katikati na hitimisho mwishoni. Haya yangu si ya namna hiyo. Ni maelezo ya kosa nililolitenda mwenyewe nikiwa msimamizi wa tasnifu ya uzamili, na kiini chake ni kitenzi kimoja cha Kiswahili, teka, pamoja na programu moja ya tarakilishi ambayo wengi wetu huitumia pasi na kuifikiria.

Programu yenyewe ni kamusi. Tarakilishi za Macintosh huja nayo ikiwa imekwisha kutiwa ndani, tangu mwaka 2005 lilipotoka toleo la mfumo endeshi lililopewa jina la Tiger. Humo mlikuwamo New Oxford American Dictionary na kitabu cha visawe cha Oxford. Hapana haja hata ya kuifungua. Msomaji akiwa anasoma barua, makala au shairi kwenye skrini, huweka kishale juu ya neno linalomtatiza, akabonyeza kwa pamoja vitufe vya Control, Command na D, na papo hapo kidirisha huchomoza karibu na neno hilo kikiwa na fasili yake. Akiifungua kamusi yenyewe, na akakuta neno jingine gumu ndani ya fasili, hulibonyeza hilo nalo, nalo humpeleka kwingine. Nimewahi kupoteza alasiri nzima namna hiyo, nikianza na neno la ubaharia na kuishia kwenye majina ya jibini.

Nasaba ya kamusi hii ni ya zamani kuliko 2005, na yafaa wahakiki wa fasihi waijue. Steve Jobs alipoondoka Apple mwaka 1985 alianzisha kampuni ya NeXT, na tarakilishi yake ya kwanza, iliyozinduliwa mwaka 1988, ilikusudiwa vyuo vikuu kwa bei ya dola 6,500. Ndani yake mlitiwa kamusi ya Webster, toleo la tisa la wanavyuo, na pamoja nayo kazi zote za Shakespeare. Apple iliinunua NeXT mwanzoni mwa 1997, na programu za NeXT zikawa msingi wa mfumo endeshi mpya wa Macintosh. Kwa hiyo wazo la kumwekea msomaji kamusi na matini ya fasihi ndani ya mashine moja, bega kwa bega, lilizaliwa na watu waliomfikiria mwanafunzi mwenye tamthilia mbele yake na neno asilolielewa. Mwanafunzi huyo, bila shaka, alisoma Kiingereza.

Katika tarakilishi niliyoinunua mwaka 2009 hamkuwa na kamusi ya Kiswahili. Nilipoweka kishale juu ya neno la Kiswahili, aghalabu niliambiwa kwamba hapakupatikana kitu. Nyakati nyingine nilipata jibu, na hilo likawa balaa zaidi. Pole ilifasiliwa kuwa mti mrefu, mate ikawa mwenzi, na baba, kwa mujibu wa Oxford, ni keki ndogo iliyoloweshwa katika sharubati yenye ladha ya pombe. Tulicheka sana ofisini siku hiyo.

Lakini upungufu wenyewe haukuwa wa orodha ya maneno tu. Kidirisha kile kimejengwa juu ya dhana kwamba neno lililo chini ya kishale ndilo neno lililo katika kamusi, au liko jirani nalo. Kwa Kiingereza dhana hiyo haina taabu kubwa: maumbo ya kitenzi ni machache, na ukiweka kishale juu ya went utapelekwa kwenye go. Kwa lugha yetu mambo ni mengine. Msomaji wa Kiswahili hana budi kulivua neno nguo zake kwanza, kiambishi baada ya kiambishi, ndipo aufikie mzizi anaoweza kuutafuta. Watunga kamusi wetu wamelishughulikia tatizo hili kwa njia mbalimbali. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 aghalabu iliziweka nomino zitokanazo na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilifuata zaidi herufi za mwanzo za kila neno. Vitenzi, hata hivyo, hubaki chini ya mashina yao katika kamusi zote mbili, na kazi ya kuvua viambishi ni ya msomaji. Nimefundisha kazi hiyo kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu ndiyo mwanzo wa uhakiki: mtu hawezi kuvua hateki hadi apate tek bila kujiuliza ni nani hateki, wakati gani, na kwa nini.

Mwaka 2007, pamoja na toleo lililofuata Tiger, Apple ilitoa zana za kumwezesha mtu yeyote kutunga kamusi yake na kuitia ndani ya programu ile ile. Vidahizo huandikwa katika faili ya XML, na kila kidahizo huweza kupewa viashiria vingi kadiri mtungaji apendavyo, yaani maumbo yote ambayo msomaji akiyagusa ataletwa hapo. Nilipoelewa hilo sikulala. Nilipiga hesabu: viambishi sita vya nafsi, nyakati na hali tano (na, li, ta, me, ki), yambwa sita au kutokuwako yambwa, kitenzi kimoja tayari kina maumbo 210, ukiondoa machache yasiyosemeka, na hapo bado hujagusa ukanushi, urejeshi, ngeli zisizo za watu wala mnyambuliko. Nilimwomba kijana mmoja wa idara ya tarakilishi aniandikie programu ndogo ya kuyazalisha. Kilichobaki kilikuwa vidahizo, na hivyo nilikuwa navyo.

Maalim wangu, mzaliwa wa Lamu, alifariki mwaka 1998 na kuniachia daftari la jalada gumu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa ameandika humo maneno ya Kiamu aliyokutana nayo katika tenzi na mashairi ya kale, kila neno na maelezo yake. Daftari halikuwa kamusi. Lilikuwa mazungumzo ya mtu na nafsi yake: wino wa rangi tatu, alama za kuuliza, mishale, majina ya wazee wa kuulizwa, na mara kwa mara maelezo ya jana yamekatwa na maelezo ya leo. Nililichapa lote kwa likizo mbili. Kwa kuwa kidirisha ni kidogo, na kwa kuwa nilitaka vidahizo vyangu vifanane na vile nilivyovizoea, niliyapunguza. Alama za kuuliza niliziondoa. Majina ya wazee niliyaondoa pia, maana wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki. Penye maelezo mawili yaliyoshindana nilichagua moja. Nakumbuka nilijisikia mtaalamu.

Kidahizo teka nilikiandika hivi: «cheka». Hilo ni sahihi. Lugha za kaskazini zina t mahali ambapo Kiswahili Sanifu kina ch, ndiyo maana macho ni mato na kucheka ni kuteka. Lakini teka ya kuteka maji nayo imo katika Kiamu. Wenyeji hawayachanganyi maneno haya mawili, kwa kuwa ulimi haugusi mahali pamoja katika t hizi mbili. Hati zetu za Kirumi, hata hivyo, zina t moja tu.

Mwanafunzi wangu alisoma shairi la kale lisilo na jina la mtunzi, lililonakiliwa kwa hati za Kirumi. Ndani yake mna mwanamke aliyesimama kisimani tangu alfajiri, na mshororo unaishia na neno hateki. Aliweka kishale. Viashiria vyangu vilifanya kazi barabara, na kidirisha kikamjibu. Akaandika sura nzima, kurasa arubaini na mbili, juu ya kicheko kilichonyimwa: huzuni ya mwanamke wa pwani, ukimya kama upinzani, mwili usiokubali furaha. Ilikuwa sura nzuri. Niliisoma mara mbili na kuisifu.

Katika kikao cha utetezi, mtahini wa nje, mzee wa Kiamu mwenye sauti ya chini, aliifungua sura hiyo.

"Binti yangu, huyu mwanamke yuko wapi?"

"Yuko kisimani, Profesa."

"Na kisimani watu huenda kufanya nini?"

Nilimwona akielewa. Nadhani nami nilielewa katika nukta ile ile. Mtahini hakumwonea, alimngoja, kisha akamwuliza kwa upole maana hiyo ameipata wapi.

"Katika kamusi, Profesa."

"Kamusi ipi?"

"Iliyo katika tarakilishi. Nadhani ni ya Oxford."

Hakuwa akisema uongo. Nilikuwa nimempa faili ile pamoja na wanafunzi wengine, na akaitia katika mashine yake. Jina la kamusi yangu lilikuwapo juu ya dirisha, kwa herufi ndogo. Lakini dirisha lilikuwa moja, na mwandiko mmoja, na daftari la Maalim wangu lilikuwa limekaa safu moja na Oxford likiwa limevaa nguo za Oxford, ilhali kwenye rafu yangu lina jalada lililochakaa na wino wa rangi tatu, na hakuna mtu angelichukua akadhani ni kitu kingine.

Na Oxford yenyewe? Toleo la 2001 la New Oxford American Dictionary lilikuwa na neno esquivalience, lililofasiliwa kuwa tabia ya kukwepa kwa makusudi majukumu ya kikazi. Neno hilo halikuwahi kuwako. Wahariri walilibuni ili wawanase wale ambao wangeinakili kamusi yao bila ruhusa, na jambo hilo likafichuka mwaka 2005. Tofauti yao nami ni kwamba wao walijua neno lao ni la uongo. Mimi, nilipokaa kimya katika kikao kile wakati mwanafunzi wangu akiulizwa maswali mengine matatu kuhusu sura ile, nilikuwa nikiitekeleza fasili ya neno lisilokuwako.

Nilisema baada ya yeye kutolewa nje ili jopo lishauriane. Nilieleza habari ya daftari na ya alama za kuuliza. Mtahini alisikiliza, akasema kwamba kosa la mwanafunzi ni kutouliza na la msimamizi ni kufuta maswali, na kwamba chuo kina fomu ya kosa la kwanza tu. Alipewa miezi sita ya kusahihisha. Nilimwambia ukweli jioni ile. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba aone daftari.

Ukurasa wa teka sikuwa nimeutazama tangu siku nilipouchapa. Maalim alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: cheka. Chini yake, kwa wino mwekundu: lakini penye kisima ngoja, msikilize msomaji, ulimi wake uko wapi? Kisha, kwa penseli: huenda mtunzi ametaka yote mawili, lakini mwimbaji atalazimika kuchagua. Nimuulize yule mvuvi wa Shela.

Sura mpya aliyoiandika ilianzia kwenye sentensi ile ya penseli. Inauliza shairi linakuwa nini pale ambapo jicho linaweza kubaki na maana mbili na kinywa hakiwezi. Ni fupi kuliko ile ya kwanza, na ina dosari zake, hususan katika sehemu ya nadharia. Niliipitisha, na mtahini naye akaipitisha.

Nami nimerudi kwenye daftari, safari hii pamoja na wino wote. Kazi ni ya polepole na nimefika herufi ya M tu, lakini teka niliishughulikia kwanza. Ukiweka kishale juu ya hateki, kidirisha sasa kinaonyesha vitenzi viwili na, kwa herufi za mlazo, swali la Maalim pamoja na jina lake. Kimekuwa kirefu mno kwa nafasi iliyopo, na msomaji hana budi kukifungua ili afike mwisho. Yule mvuvi wa Shela alifariki kabla ya Maalim, na hakuna ukurasa unaoonyesha kwamba aliwahi kuulizwa.