Alien Namba Tatu Iliyobaki Kwa Daftari

Wasee, leo siongei kuhusu filamu mpya. Leo ni zile ambazo hazikutengenezwa kabisa. Najua kuna mtu atasema nimeishiwa na maneno. Kaa hapo kidogo, utanielewa.

Nilikuwa darasa la nne, Matuu. Bro wangu alikuwa la saba. Karibu na stendi kulikuwa na kibanda cha video, kiingilio shilingi kumi, mnakaa kwa mabenchi ya mbao na dirisha limezibwa na gunia. Jumamosi moja wakaweka Aliens, ile James Cameron alitengeneza 1986. Ripley, anayeigizwa na Sigourney Weaver, anarudi kwa sayari ya yale madude na huko anamwokoa msichana mdogo anaitwa Newt. Mwishoni wanalala ndani ya chombo: Ripley, Newt, askari Hicks, na roboti Bishop akiwa amebaki nusu. Tulienda nyumbani tukitembea kama wanajeshi.

Wiki iliyofuata ikawa Alien 3, ya David Fincher, 1992. Dakika chache tu zimepita, chombo kimeanguka kwa sayari ya wafungwa, Newt amezama maji akiwa usingizini na Hicks amekufa. Hawakupewa hata nafasi ya kufungua macho. Nililia, sidanganyi. Bro aliniangalia akasema, "Hawa hawajui stori. Twende tuandike yetu."

Akaandika kweli, kwa daftari la hesabu. Katika yetu Newt anaamka. Chombo kinaangukia Bwawa la Masinga usiku, wavuvi wakiwa majini, na lile dude linaogelea chini ya mitumbwi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora. Madude yangu yote yalifanana na mamba.

Miaka ilipita kabla nijue kwamba watu wazima wanaolipwa vizuri walikuwa na daftari zao pia. William Gibson, yule mwandishi wa riwaya za sayansi ya kubuni, aliandika Alien 3 ambayo Hicks na Bishop ndio wanabeba hadithi, Ripley akiwa amepoteza fahamu karibu mwanzo hadi mwisho. Haikutengenezwa. Akaja Vincent Ward kutoka New Zealand na sayari ya mbao, imejaa watawa waliokataa mashine. Hebu fikiria Ripley anaangukia kwa watu wanaoamini yeye ndiye ameleta shetani! Ujenzi wa seti ulikuwa umeanza kabla Ward aondoke. Fincher, ambaye hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, akabaki na mabaki: watawa wakageuka wafungwa walioshika dini. Na hata kabla filamu itoke, tangazo lake fupi la 1991 lilifanya watu waamini kwamba madude yanakuja Duniani. Hayakuja. Kumbe hata studio iliwahi kufikiria karibu na Masinga yetu.

Halafu kuna ile iliyoniuma zaidi. Januari 2015, Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg aliyetupatia District 9, aliweka michoro kwa Instagram. Ripley mzee. Hicks yuko hai, uso una makovu ya asidi. Mashabiki wakapiga kelele hadi studio ikakubali kuendelea naye. Weaver mwenyewe aliitaka. Lakini Ridley Scott, mwenye ile ya kwanza ya 1979, alikuwa na mipango yake. Alien: Covenant ikatoka 2017, na mwaka huo huo Scott akasema ya Blomkamp imekufa.

Kwa muda mrefu nilikuwa nawaambia hapa kwamba hizo zilizokufa ni bora kuliko tulizopewa. Leo narudisha maneno. Filamu ambayo haikutengenezwa haijawahi kunyeshewa, haijawahi kuishiwa na pesa katikati, haijawahi kupata mwigizaji mgonjwa. Ni rahisi kuipenda kwa sababu haiwezi kukukosea. Fincher aliingia kwa nyumba inaungua na akatoka na kitu. Siku hizi nikiangalia Alien 3, ule uchungu wa Ripley juu ya mwili wa Newt naona ndio kitu cha kweli zaidi kwa mfululizo mzima.

Na sasa niseme kile nimekuwa nikizunguka.

Bro aliacha shule kidato cha pili. Pesa ya karo haikutosha wawili, na hakuna mtu alimuuliza kama ni sawa. Alibeba mawe, akauza maembe, baadaye akaenda Doha kulinda majengo usiku. Mimi nikamaliza shule. Leo nalipa kodi kwa kuongea kuhusu filamu, na yeye ndiye alikuwa na stori. Kila nikiwaambia "studio iliua wazo zuri," kuna daftari ndani ya sanduku langu linaniangalia.

Skripti ya Gibson ilipata njia nyingine. Ilichorwa kuwa katuni, na 2019 ikawa mchezo wa kusikiliza, Michael Biehn na Lance Henriksen wakirudi kama Hicks na Bishop. Zaidi ya miaka 30 baada ya Gibson kuiandika. Hakuna aliyehitaji chombo cha angani. Walihitaji sauti na mtu wa kuamua kwamba inafaa.

Kwa hivyo wiki jana nilipiga picha kurasa tatu nikamtumia. Si Newt wala Ripley, hao wana wenyewe. Nilimwambia tubadilishe majina, tutoe lile dude la Hollywood, tuache bwawa, wavuvi na msichana anayeamka peke yake. Mimi nirekodi sauti, jina lake liandikwe kwanza.

Akajibu, "Wacha utoto. Niko kazi."

Nilikasirika, halafu nikaona haya. Miaka hiyo yote sikuwahi kumuuliza, na leo nilitaka ashangilie kwa dakika mbili.

Saa tisa usiku simu ikalia. Ujumbe wa sauti, upepo mwingi nyuma, ananong'ona kama msimamizi yuko karibu: "Pale ukurasa wa pili umekosea. Msichana hakimbii kutoka kwa maji. Anaingia. Babake bado yuko kwa mtumbwi."

Nimeisikiliza mara nyingi. Hajasema ndiyo. Lakini nimerekebisha ukurasa wa pili, na leo jioni namtumia wa nne.