Jina la Pili kwenye Hati

Mufindi mtu hupanda misindano akijua atasubiri miaka mingi kabla ya kuvuna mbao. Mwambie aandike wosia, atakuambia huo ni uchuro. Mimi ni wakili, nafanya mirathi kati ya Iringa na Mbeya, na neno hilo nimelisikia kila upande wa Makambako.

Kazi hii haina hotuba. Ni hati ya kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, Mahakama ya Mwanzo. Mbeya niliwahi kuwa na ndugu wawili wanaogombea nyumba ya mama yao. Mkubwa alileta risiti za LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme, kwa hiyo, alisema, anayenunua umeme ndiye mwenye nyumba. Ilinichukua asubuhi nzima kumweleza kwamba kulipa kodi si kurithi.

Mzee mmoja wa Mufindi, tofauti na wengi, alikuja mwenyewe. Alitaka mkewe abaki na shamba la miti. "Niandikie, mwanangu, lakini ukoo usijue."

Hapo ndipo penye ugumu. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa na serikali 1963 zinamwambia mjane kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga, kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Kanuni zikabaki vitabuni. Zinaruhusu wosia, lakini zinataka shahidi wa ukoo, na mke naye, kama yupo nyumbani, ashuhudie.

Njia ya pili ni Sheria ya Urithi ya India ya 1865. Ndiyo, ya India. Tuliirithi kwa Mwingereza, na Wakristo bado wanapimwa nayo. Hiyo haihitaji ukoo, inataka mashahidi wawili tu. Ila mke akishuhudia wosia unaompa kitu, kitu hicho anakikosa. Kwa hiyo sahihi ya mama huyu ingeweza kuuokoa wosia kwa sheria moja na kumnyang'anya shamba kwa nyingine. Ipi itatumika? Mahakama huamua mtu akishakufa, kwa kuangalia aliishi vipi: kikanisa au kimila. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, na kila mwaka alikwenda kutambika.

Nikamshauri tuache wosia kwanza. Ardhi ya kijiji inaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina mawili, la mume na la mke, wote wakiwa hai. Akabisha kidogo: watu watasema amekaliwa. Kisha akakubali.

Siku ya kupima walikuja majirani wa pande zote, na wawili wa ukoo, maana mpaka haupimwi kwa siri. Mzee akaonyesha kona ya chini, kwenye mti mkubwa. Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma na kanga yake mabegani, akasema hapana, mpaka uko ng'ambo ya kijito.

"Umejuaje?" kijana wa ukoo akauliza.

"Miche ya huko nilibeba mimi kichwani. Baba yenu alikuwa Mbeya."

Jirani akaitikia kwa kichwa. Mpimaji akavuka kijito.