Pampu Iliyokataa Kuzima

Nimepotea kidogo, na sababu ni pampu ya mjomba.

Mjomba analima sukuma wiki. Alinipa pesa nimtengenezee mtambo wa kumwagilia maji: kipima unyevu wa udongo, Arduino, transista ya TIP120 na pampu ndogo ya volti 12. Kule shambani, pampu ilipozimwa, Arduino nayo ilikuwa ikijiwasha upya. Mimi ni mtu wa programu, kwa hivyo nikalaumu programu. Nilikesha siku tatu nikiiandika upya. Siku ya nne mjomba akapiga simu: pampu imekataa kuzima, tangi limekauka na miche imesombwa.

Nikaipeleka bodi kwa fundi wa redio. Aliitazama tu, hata hakuishika. "Kijana, dayodi ya mota iko wapi?"

Haikuwepo.

Ndani ya mota kuna koili, na mkondo wa umeme ukishapita kwenye koili haukubali kukatwa ghafla. Ni kama maji kwenye bomba refu: ukifunga mfereji kwa ghafla, bomba linagonga. Transista ikizima, koili inapandisha volti hadi mkondo upate pa kupitia. TIP120 inavumilia volti 60 tu. Ikipigwa hivyo kila mara, mwishowe inaungua, na mara nyingi ikiungua hubaki ikipitisha umeme. Hapo hakuna programu ya kuizima.

Dawa ni dayodi moja, kwa mfano 1N4007, iungwe sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya. Pampu ikizimwa, mkondo unazunguka kwenye dayodi na koili mpaka uishe, na transista inaona takriban volti 13 tu. Usiigeuze, la sivyo transista ikiwaka umepiga shoti. Na kama unadhibiti kasi ya mota kwa kuiwasha na kuizima maelfu ya mara kwa sekunde, 1N4007 ni nzito mno. Tafuta ya Schottky, kama 1N5819 kwa mota isiyozidi ampea moja.

Digrii ninayo, na hesabu za koili nilizifanya darasani. Ila sikuwahi kufikiri zingefika shambani.

Miche mipya nimelipia mimi. Mjomba hajalalamika, lakini kila nikimtembelea huniuliza kwanza kama ile dayodi ingalipo.